Nilimlilia Bingwa Kabla Hajafa

Mliniacha jukwaani, ukumbi mzima unalia, na simu inatetemeka mfukoni mwangu.

Kwa aliyechelewa: mimi ndiye yule kijana niliyeanza mwaka nikizunguka matamasha ya vitabu na begi la mashairi ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia. Sikufundishwa mizani na mtu. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuhesabu silabi kwenye vidole, na sikuona kwa nini nimpigie magoti yeyote mwenye shahada. Tamasha la kwanza walinipa maiki baada ya chakula cha mchana, watu wanasinzia. La pili, mwandishi mmoja wa riwaya akafariki asubuhi ya siku aliyopangiwa kuzungumza. Pengo likabaki kwenye ratiba, nami nikaliziba kwa shairi la buriani nililolitunga palepale nyuma ya pazia. Watu walilia mpaka wakasahau kununua vitabu.

Tangu hapo, kila tamasha lililofuata nilialikwa kwa kazi moja tu: kuwalilia waandishi waliokufa. Kitambulisho nilichovaa shingoni kiliandikwa "Maombolezo". Waandishi wenyewe wakanibatiza Sanda.

"Sanda kaingia," wananong'ona. "Nani katutoka?"

Waandishi wazee walikuwa hawakai nami meza moja. Mmoja aliuacha mkono wangu hewani. "Samahani, kijana. Nina presha. Sitaki kukutia tamaa."

Nilicheka nao. Moyoni nilishaanza kumtafutia vina.

Mtakumbuka pia ahadi ya Mchapishaji. Ataitoa diwani yangu, mradi imalizike na jina kubwa. Jina kubwa lilikuwa moja tu: Bingwa, mshairi ambaye kila mwanafunzi amechapwa kwa kushindwa kumkariri. Alikuwa amelazwa, hoi, kwenye wodi anayofanya kazi dada yangu. Buriani yake nilikuwa nayo tayari, imepigwa pasi, inasubiri yeye tu.

Siku ya kwanza ya tamasha la mwisho la mwaka, nikiwa nyuma ya jukwaa, nilimpigia dada. Akasema kitanda cha Bingwa, kile cha dirishani, ni kitupu, kimetandikwa shuka safi. Akasema, "Ngoja niulize, ndiyo kwanza naingia zamu."

Sikungoja. Nilimwambia Mratibu, Mratibu akamwambia mshereheshaji, mshereheshaji akautangazia ukumbi msiba. Nikapanda, nikasoma. Na ninyi mkaniacha hapo, machozi yanawatoka watu na simu inatetemeka.

Niliipokea nikiwa nimeupa ukumbi mgongo.

"Wamemhamishia chumba cha peke yake," dada alisema. "Kapata nafuu. Anakunywa chai. Uko wapi wewe, mbona kuna vilio?"

Nikakata simu.

Nyuma ya pazia, Mratibu alikuwa akijipangusa macho. Mwanamke mrefu, mwenye redio ya mkononi asiyoiweka chini hata akila. "Umeniua, Sanda," alisema. "Umeniua kabisa."

"Mama, kuna tatizo."

"Tatizo gani? Mgeni rasmi kalia mpaka miwani imeanguka."

"Bingwa anakunywa chai."

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa utani.

"Chai gani?"

"Chai. Yuko hai."

Ile redio ikamtoka mkononi. Ndiyo mara ya kwanza kuiona sakafuni.

"Nenda ukawaambie," Mratibu alimwambia mshereheshaji.

"Mimi? Mimi nimeshamuua, siwezi tena kumfufua. Aende mwenye maiti yake."

Wakanisukuma. Nikasimama mbele ya watu wale wale, wengine bado wameshikana mabega, nikawaambia kwamba Bingwa yupo na anaendelea vizuri.

Hakuna aliyeshangilia. Hilo ndilo lililonichoma. Niliwapa uhai wa mtu wanayempenda, wakanitazama kama nimewaibia. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliikunja leso yake, akainua kichwa.

"Nirudishie machozi yangu," alisema.

Ukumbi ukaangua kicheko.

* * *

Asubuhi yake nilimkuta dada kwenye geti la hospitali. Amevaa nguo za nyumbani. Sare ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Dada..."

"Usiniite."

"Nisikilize kwanza."

"Nilikwambia ngoja. Neno moja. Ngoja. Hata mtoto wa chekechea analielewa."

Matroni alikuwa amemwita ofisini tangu alfajiri. Alitaka kujua nani katoa habari za mgonjwa nje ya wodi. Hakuhitaji kuchunguza sana: aliyemzulia mgonjwa kifo jukwaani ni mdogo wa muuguzi wa zamu.

"Bingwa akilalamika, nafutwa," dada alisema. "Na nikifutwa kwa kutoa siri za wagonjwa, hakuna hospitali itakayonigusa. Unajua nimefanya kazi gani nyingine maishani mwangu? Hakuna. Nimegeuza watu vitandani na kukulea wewe."

Tangu Mama atutoke, huyu ndiye mama. Alikuwa akiniacha mezani naandika, akirudi ananikuta mezani naandika, na hajawahi hata mara moja kuniuliza nitaacha lini.

"Nitaongea naye," nilisema.

"Utaongea naye, ndiyo. Yeye mwenyewe kakuita." Akanishika ukosi wa shati. "Uingie mle na adabu. Kiburi chako kiache hapa getini, nitakushikia."

* * *

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, na mtungi wa oksijeni uliosimama pembeni kama mlinzi. Bingwa alikuwa mdogo kuliko picha zake. Bomba jembamba lilimpita chini ya pua.

"Shikamoo, Mzee."

"Wafu hawaamkiwi. Kaa."

Nikakaa. Nikaanza maneno niliyoyapanga njiani, kwamba ni kosa langu, kwamba dada hakukusudia. Akanipungia mkono kama anafukuza nzi.

"Nani alilia?"

"Mzee?"

"Juzi kuna nesi kijana... au jana, siku zinanichanganya. Kanionyesha kwenye simu yake. Unasoma, lakini kamera inakutazama wewe tu. Mimi nataka kujua watu. Nani alilia?"

"Ukumbi mzima, Mzee."

"Ukumbi mzima ni uongo. Yule mwenzangu wa vitabu vya shule, mwenye kipara, alilia?"

"Aliinamisha kichwa."

"Alikuwa anaangalia saa. Namjua." Akafumba macho kidogo. "Na mgeni rasmi?"

"Miwani ilimwanguka."

Akatabasamu, meno machache, furaha nyingi. Nikajua nimeokoka. Nilikosea.

"Nisomee ule ubeti wa tatu," alisema.

Nikausoma, kwa sauti ya chini, kama mtu anayempima marehemu jeneza mbele ya macho yake:

Umeiweka kalamu, sisi umetuachia,
Maneno yana wazimu, hayana pa kukimbia,
Wakubwa na wahitimu, wote wanakulilia,
Kiti chako mahashumu, nani atakikalia?

 Mtungi ulikuwa ukipumua peke yake.

"Wahitimu umewatia kwa ajili ya kina tu," alisema. "Huwapendi wahitimu."

"Siwapendi."

"Lakini 'maneno yana wazimu, hayana pa kukimbia'. Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Inaonekana. Aliyefundishwa asingethubutu." Akageuza kichwa. "Miaka mingi sijaandika hata mstari mmoja, kijana. Wanaokuja hapa wananisomea beti zangu za ujanani, kama bibi kizee anayeonyeshwa picha za harusi yake. Nililitazama shairi lako kwenye simu ya yule nesi. Unajua niliona nini? Wivu. Nimekufa nusu, na bado niliona wivu."

Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu.  Nilitaka kulia, mimi, Sanda.

"Nalitaka," alisema.

"Ni lako, Mzee. Nimekutungia wewe."

"Hujanielewa. Nataka liwe langu. Niwe nimelitunga mimi. Buriani ya Bingwa kwa Bingwa. Siku ya kufunga tamasha nitalisoma mwenyewe jukwaani."

"Mzee, watu wamenisikia mimi nikilisoma."

"Ndiyo. Kwa sababu mimi nilikutuma. Nilitaka kujua kama watanililia, nikakupa shairi, nikakuambia utangaze nimekufa. Utundu wa mzee. Nani atamkasirikia mzee mgonjwa?" Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, alikokuwa amesimama dada, aliyenifuata bila mimi kumsikia. "Na yeye hakutoa siri ya mtu. Siri niliitoa mwenyewe. Matroni atafunga mdomo, dada yako atavaa sare yake leo hii."

"Na nikikataa?"

"Nitamwita Matroni. Nitalia kidogo. Bado naweza kulia, ukinilazimisha."

Niliwatazama wote wawili. Dada hakunisihi. Alikuwa anatazama bomba la oksijeni, kama kawaida yake, kuona kama limekaa sawa.

Shairi lile lilikuwa ndilo pekee nililolipenda kuliko nilivyojipenda. Na mnajua ninavyojipenda.

"Chukua," nilisema.

Bingwa akashangilia kwa kukohoa.

Siku mbili nilimkalisha kitako nikimfundisha shairi langu mwenyewe. Alibadilisha kidogo tu. Pale niliposema "umeiweka kalamu", akasema "nimeiweka". "Kiti chako" kikawa "kiti changu", na neno "mahashumu", yaani mheshimiwa, akaliacha palepale. "Wote wanakulilia" ikawa "wote wananililia". Hapo alikuwa anarudia hata pasipohitajika.

"Wote wananililia," anasema, ananitazama. "Tamu, eh?"

Dada alipinga jambo moja tu. "Asitoke kitandani. Kile kifua hakistahimili jukwaa."

Bingwa akamwita daktari, akamtisha kwa jina lake, akapata ruhusa. Kwa sharti moja: atoke na muuguzi, na muuguzi huyo ndiye atakayemjibia likitokea la kutokea.

"Nesi wangu ni huyu," Bingwa alisema, akamshika dada mkono. "Mimi na familia yao tumekuwa kitu kimoja."

* * *

Siku ya kufunga, watu walijaa mpaka kwenye korido za meza za vitabu. Hakuna kinachouza tiketi kama maiti inayotembea. Mchapishaji alikaa mbele, kalamu ya kusainia mkataba ipo mfukoni, ila mkataba wenyewe haukuwa wangu tena. Matroni alikuwa mstari wa tatu, mikono imefungwa kifuani.

Bingwa aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Kwenye ngazi za jukwaa akalivua lile bomba.

"Mzee, hapana," dada alisema.

"Siwezi kusoma na mrija puani kama mtu anayekunywa soda. Huo mtungi uacheni kwenye gari."

Akasoma. Sitawadanganya: alisoma kuliko mimi. Sauti yake ilikuwa imekwisha, na kwisha kwake ndiko kulikokuwa shairi. Alipofika "wote wananililia" alinyamaza, akauzungusha uso taratibu, mstari kwa mstari, akiwatazama wanaolia. Yule mama wa leso alilia upya, safari hii bila kudai kurudishiwa.

Walisimama wote. Mchapishaji alisimama juu ya kiti.

Mshereheshaji akanivuta mbele. "Na huyu kijana wetu, Mzee, aliyetutia presha siku ile? Tuambie siri yake."

Bingwa akaisogeza maiki mdomoni.

"Huyu," alisema, "ni mwizi."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Nilikuwa nikilitunga shairi hili kitandani, nalisema polepole ili nisilisahau. Kulikuwa na mtu anabadilisha shuka. Siku chache baadaye nasikia nimekufa, na mtoto wangu kapata baba mwingine."

Kicheko kikakatika. Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kumtafuta anayebadilisha shuka.

Niliinama kwenye kiti chake. "Mzee, tulikubaliana."

Akaiziba maiki kwa kiganja. "Tulikubaliana. Lakini niliyemtuma anaweza kubadilisha kauli nikishazikwa. Mwizi nani atamwamini?"

"Na dada yangu?"

"Ninyi vijana mtapata kazi nyingine."

Matroni alikuwa ameshasimama. Dada, kando ya jukwaa, hakusogea. Alikuwa anatazama midomo ya Bingwa.

Mshereheshaji akaniletea maiki. "Kijana, ni kweli?"

Fikirini nilipokuwa. Nikisema si kweli, lazima nieleze nilijuaje habari za kitanda kitupu, na dada kaisha. Nikisema kweli, dada ndiye aliyeniletea shairi, na dada kaisha.

Ilibaki njia moja, na ilipita juu ya shingo yangu.

"Ni kweli," nilisema. "Niliiba. Lakini niliiba mwenyewe. Niliingia wodini saa ya kuona wagonjwa, nikakaa kitanda cha jirani nikijifanya namtazama mtu mwingine. Nikasikiliza mpaka nikashika beti zote. Hata habari ya kitanda kitupu niliipata kwa kuchungulia dirishani. Dada yangu hajui lolote. Angejua angenitoa mbio. Mimi sijui kutunga. Sijawahi kujua."

Ile sentensi ya mwisho hakuna aliyeniomba. Niliongeza ili waamini. Waliamini haraka mno.

Wakazomea. Chupa ya maji ikapita karibu na sikio. Mratibu akapanda, akanivua kitambulisho shingoni mbele ya watu, kamba ikanikwaruza shavu. Matroni akakaa taratibu. Jirani yake wa mstari wa tatu akamnong'oneza kitu, akaitikia kwa kichwa akimtazama dada. Kamsamehe. Nililiona lile kwa macho yangu, na kwa kitambo kidogo nilikuwa tajiri.

Bingwa alikuwa anacheka. Kicheko kikawa kikohozi. Kikohozi kikakatika katikati, kama redio iliyochomolewa waya. Kichwa kikamwangukia kifuani.

Dada alishamfikia kabla sijageuka. Vidole shingoni, sikio puani.

"Mapigo yapo, ila yanakimbia. Mtungi! Mtungi uko kwenye gari!" Akanikamata bega. "Kaa naye. Mwinue kichwa. Na mtu yeyote asitangaze kitu, umenisikia? Asitangaze!"

Akaruka jukwaa, akatokomea kwenye umati wa korido.

Nikapiga goti, nikamwinua Bingwa kichwa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Jamani," sauti ya mshereheshaji ikatetemeka kwenye spika. "Jamani, naomba tusimame."

"Hajafa!" nilipiga kelele. "Yuko hai!"

Mratibu akanitazama kwa dharau ambayo sitaisahau. "Wewe ndiye wa kutuambia nani yuko hai?"

Watu walisimama. Kofia zikavuliwa. Kimya kikatanda, kimya kizito kile ninachokijua vizuri kuliko yeyote mle ndani, maana kilikuwa ndicho kinachotangulia zamu yangu.

Na Mratibu naye alikijua. Akachutama karibu yangu, akanivisha kitambulisho upya shingoni, akanitia maiki mkononi.

"Sanda," alinong'ona. "Una kitu?"

"Nilikuwa nacho."

"Basi lile lile."

"Si langu. Umesikia mwenyewe."

"Nani atajali sasa? Na mfumbe macho, watu wanapiga picha."

Nikaweka kiganja juu ya uso wa Bingwa. Baridi, unyevu. Nikaanza kukishusha.

Chini ya kiganja, kope zikanicheza. Halafu midomo ikagusa mkono wangu, karibu na mshipa, na pumzi nyembamba ikatoka pamoja na maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia.

"Kijana," aliniuliza. "Nani analia?"

Nikainua macho. Ukumbi mzima ulikuwa umeinamisha vichwa. Maiki ilikuwa kwenye mkono wangu wa kulia, imewashwa. Mkono wa kushoto ulikuwa bado juu ya pua na mdomo wake.

Na dada alikuwa bado hajarudi.